Tumefika lenta, tupeni hongera zetu

Kila aliyekulia Dar, Mwanza, Tanga au mji wowote uliowahi kukaa kwenye mgao anaijua ile kelele. Umeme umekatika tangu saa 11 jioni, giza limeshaingia, watu wako nje barazani maana ndani hakukaliki kwa joto, simu zilizokuwa zinatumika kama tochi nazo zimeanza kuzima moja moja, alafu ghafla taa zinawaka na mtaa mzima unapiga ukelele kwa pamoja, "umeeeme!", watoto wanarukaruka, mama anakimbilia chaja, mwenye duka anasikia friji lake limeanza kunguruma, na majirani ambao hawajasemeshana wiki nzima wanajikuta wanacheka pamoja. Hakuna aliyeitisha kikao, hakuna kadi, hakuna mchango, na hakuna anayeuliza nani ana haki ya kufurahi zaidi, mwenye nyumba na mpangaji wa chumba kimoja wanapiga kelele ileile. Mimi naihesabu kuwa moja ya sherehe nzuri kabisa tulizonazo.

Sasa angalia kilichofuata. Mwaka 2023 mgao ulikuwa wa ratiba kabisa, watu tunatumiana kwenye magrupu kwamba leo ni zamu yenu kesho yetu. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere pale mto Rufiji ukaanza kuzalisha, mingine ikafuata, iko 9 na jumla yake ni megawati 2,115, na ule mgao wa ratiba ukaisha. Umeme bado unakatika huku na kule, hilo kila mtu analiona nyumbani kwake na silifichi, ila ile hali ya kupanga kupiga pasi kwa ratiba ya mgao iliondoka. Tulilalamika miezi na miezi mgao ulipokuwepo, na tulikuwa na haki ya kulalamika. Ulipoondoka hakuna mtaa nilioona umesimama ukasema jamani, mwezi huu sijanunua mshumaa hata mmoja. Shida ilikuja na kelele, nafuu ikaingia kimya kimya, ikazoeleka, na baada ya muda mfupi ikawa kama ilikuwepo siku zote.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Watu wanasema nchi hizi zetu hazina habari njema, mimi nasema zipo nyingi sana ila ni ndogo, zinakuja taratibu, na zinakosa mashahidi. Na habari njema ikikosa shahidi inapotea, ikipotea hatujui nini kinafanya kazi, na tusipojua nini kinafanya kazi hatuwezi kukilinda kikianza kuharibika.

Kuna watafiti wawili wa Norway, Johan Galtung na Mari Ruge, mwaka 1965 walichapisha utafiti wao kuhusu namna magazeti ya kwao yalivyoripoti migogoro ya Congo, Cuba na Kupro, wakitaka kujua tukio linakuwaje habari. Moja ya mambo waliyoyasema linaniganda kichwani mpaka leo: jambo baya linatokea haraka, jambo zuri linachukua muda. Kumlea mtoto mpaka awe mtu mzima ni miaka, kumpoteza kwenye ajali ni dakika. Nyumba inajengwa kwa muda mrefu, moto unaimaliza usiku mmoja. Gazeti linatoka kila siku, redio inasoma taarifa kila saa, kwa hiyo kile kinachotokea ndani ya siku moja ndio kinapata nafasi, na mara nyingi kinachotokea na kuisha ndani ya siku moja ni balaa. Waandishi wetu sio watu wabaya, wanafanya kazi kwenye mfumo ambao hauna sehemu ya kuweka jambo linalokua polepole.

Mfano mkubwa kabisa ninaoujua mimi ni watoto wetu. Mwaka 1999 utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto Tanzania ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikuwa wanafariki kabla hawajatimiza miaka 5. Utafiti wa 2022 ukaonyesha 43. Isome tena hiyo namba taratibu, kutoka 147 mpaka 43, ndani ya miaka kama 23 hivi, yaani mzazi aliyezaa mwaka 1999 na binti yake anaezaa leo wako kwenye dunia mbili tofauti kabisa. Hakuna siku hata moja katika hiyo miaka 23 ambayo gazeti lingeweza kuandika "leo mtoto wa jirani hajafa kwa malaria", maana hiyo sio habari, ni siku ya kawaida tu mtoto ameamka ameenda kucheza. Lakini ni siku za kawaida kama hizo zilizoleta ile 43. Ni hati punguzo za vyandarua zilizoanza 2004 ambazo mama mjamzito alipewa kliniki akaenda nayo dukani akanunua neti kwa bei nafuu. Ni chanjo za kichomi na za kuhara zilizoingizwa nchi nzima mwanzoni mwa 2013. Ni nesi wa zahanati anaebeba kijisanduku cha chanjo kwenye bodaboda kupeleka kijiji cha mbali, anafika, anachoma, anajaza kadi, anarudi, na hakuna mtu anampigia makofi kwa sababu alichokifanya ni kuzuia kitu kisitokee.

Na hapa naomba nieleweke vizuri. Kuhesabu mazuri hakumfanyi mtu awe kipofu kwa mabaya, kunamfanya ayaone vizuri zaidi. Ukifuatilia hizo namba kwa furaha kama ninavyozifuatilia mimi, unakuta kuna sehemu zimekwama. Vichanga wa chini ya mwezi mmoja, kati ya 1,000 walikuwa wanafariki 26 kwenye utafiti wa 2010, wakawa 25 kwenye ule wa 2015 na 2016, na 24 mwaka 2022. Yaani watoto wakubwa kidogo tumewaokoa kwa wingi, ila wale wa siku chache tumepiga hatua fupi mno. Chandarua na chanjo haviwasaidii sana hao, wanataka mkunga aliyebobea, wodi ya watoto njiti, oksijeni, joto. Hilo pengo linamwonekea nani? Linamwonekea mtu aliyekuwa anashangilia na kuuliza sasa bado nini. Anaesema kila siku kwamba hamna kitu, kila kitu kibovu, hawezi kuliona maana kwake yote ni giza moja.

Turudi mtaani maana huko ndiko habari zenyewe zinakoishi. Sisi tuna jambo moja ambalo ndani yake limejaa ushindi mdogo mdogo, nalo ni ujenzi wa nyumba. Wengi wetu hatujengi kwa mkopo wa benki, tunajenga kwa mshahara, kwa mauzo ya duka, kwa vikoba, yaani vile vikundi vya kuweka na kukopa, kwa hela ya mpunga. Unanunua kiwanja, unakaa mwaka. Unachimba msingi, unamwaga zege, unakaa. Unanunua tofali mia mia, unazipanga nyasi zinaota pembeni. Boma linanyanyuka, mnafika lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, hela inaisha, mnasubiri. Kupaua nako ni mtihani wake, mbao na bati havina huruma. Alafu madirisha, milango, plasta, umeme, choo, na wengine wanahamia humohumo kwenye pagale mapazia yakiwa ndio milango ya vyumba, wanamalizia wakiwa ndani. Inaweza kuchukua miaka 8, miaka 10, wengine 15.

Sasa fikiria mtu anaekuambia yeye atafurahi siku akimaliza. Miaka 10 bila furaha! Hakuna anayeweza, atakata tamaa kwenye msingi. Wanaofika mwisho, ninavyowaona mimi, ni wale waliokuwa wanaifurahia kila hatua, siku ya kumwaga jamvi wananunulia mafundi soda na chapati, wanapiga picha wanamtumia mama kijijini, wakifika lenta wanaweka stetasi, na mama anajibu kwa voisi ndefu ya dua. Watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer wa kule Marekani walikusanya shajara za kila siku karibu 12,000 kutoka kwa wafanyakazi 238 wa kampuni 7, wakitafuta ni kitu gani kinampa mtu moyo kazini. Wakakuta kinachoongoza ni mtu kuona amesogea kwenye kazi anayoithamini, hata kama amesogea kidogo tu siku hiyo. Fundi wa kitaa angekuambia hivyohivyo bila shajara, na ndio maana jioni kabla hajafunga vifaa anasogea nyuma, anaangalia ukuta alioupandisha leo.

Kuna watu wameliona hili zamani na wakalijengea taratibu kabisa, nao ni wanawake wa vikoba. Mfumo wenyewe ulianzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima, kwetu ukakuta upatu upo tayari ukaota mizizi upesi. Ukienda kwenye kikao chao utaona sanduku la chuma lenye kufuli 3, funguo wanashika watu 3 tofauti. Mwanachama anaitwa, anasogea, ananunua hisa zake, pesa inahesabiwa kwa sauti watu wote wakisikia, kitabu kinagongwa muhuri. Aliyemaliza mkopo anatajwa na makofi yanapigwa, na vikundi vingine vina mtindo wao wa makofi na nyimbo zao. Ukiangalia haraka unaweza kusema ni mbwembwe, ila tafakari kidogo, huyu mama anauza vitumbua, hakuna ofisi imewahi kumpa cheti, hakuna mtu amewahi kusimama mbele ya watu 25 akatamka jina lake kwa heshima kwamba amelipa elfu 10 zake kwa wakati. Hapo linatamkwa kila wiki. Nikiulizwa kwa nini vikoba vinadumu nitataja riba na ule usalama wa kufuli, lakini nitataja na hilo, kwamba ni sehemu ambayo jambo dogo lina mashahidi.

Huko kwingine kote hali ni mbaya, na ubaya wenyewe unaanzia kwenye majibu tunayopeana. Binti anakuja amefurahi, "mama mdogo, nimepata leseni ya udereva!" na anajibiwa, "gari lenyewe unalo?" Kijana anasema amepata kazi ya mkataba wa miezi 3, anaulizwa "mitatu tu?" Mtu amemaliza kulipia kiwanja chake Chanika, wanamwambia huko si porini. Mtoto ametoka wa 30 amekuwa wa 18, baba anauliza na hao 17 waliokupita wana vichwa viwili? Wengi wanaojibu hivyo hawana roho mbaya, wengine wanaamini kabisa wanamkaza mtu asibweteke, wameyasikia majibu hayo tangu wako wadogo na wanayarudisha kama walivyoyapokea. Lakini madhara yako palepale. Shelly Gable, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba mtu akimsimulia mwenzake jambo zuri lililompata, furaha yake inapanda zaidi ya ile iliyoletwa na jambo lenyewe, na kwamba namna anavyopokelewa ndio inabeba uzito, akipokelewa kwa moyo na kwa maswali ya kutaka kujua zaidi uhusiano wao nao unanenepa, akipokelewa kwa baridi au kwa kubezwa unadhoofika.

Kwa hiyo yule binti wa leseni hakuja kutafuta gari kwa mama mdogo. Alikuja kutafuta mtu wa kumuuliza, ilikuwaje mwanangu, ulifaulu mara ya kwanza? Ulipandisha mlima bila kuzima? Trafiki alikuwa mkali? Dakika 2 hizo hazina gharama yoyote. Akizikosa, siku nyingine akipata jambo hatolileta, na akipata tatizo pia hatolileta, na miaka ikipita tunashangaa mbona huyu mtoto hatuambii kitu.

Ila kuna watu wanaonyamaza sio kwa sababu ya majibu, wananyamaza kwa hofu, na hofu hiyo mimi siibezi hata kidogo. Moja ni ya kijicho. Wazee wetu wa pwani na wa bara wote walifundisha kwamba mazuri hayaanikwi, na ni kweli kuna watu wakisikia umepiga hatua wanaanza kukutafutia shimo. Ya pili ni ya mizinga, ukisema tu umepata, hata kama ulichopata ni elfu 50 ya kazi ya wiki nzima, simu zinaanza, shangazi ana shida ya ada, binamu kodi imeisha, rafiki wa zamani sana leo amekukumbuka. Kwenye familia zetu mtu mmoja mwenye kipato anaweza kuwa anabeba watu 10, na kumwambia huyo mtu "tangaza furaha yako" ni kumwongezea mzigo. Namuelewa kabisa anaefunga mdomo.

Lakini tazama vizuri, habari njema nyingi hazina hela ndani yake. Baba mwenye kisukari ambae miezi 3 mfululizo vipimo vyake viko sawa. Mtoto mwenye kigugumizi aliyesoma risala mbele ya darasa akaimaliza. Kijana aliyetimiza mwaka hajagusa pombe. Mgonjwa wa TB aliyemaliza dozi, na dozi ya kawaida ya TB ni miezi 6, vidonge kila siku, tumbo linavuruga, mkojo unabadilika rangi, majirani wananong'ona, unaanza kupata nafuu mwezi wa pili na kila kitu mwilini kinakuambia acha, umepona, lakini unaendelea mpaka siku ya mwisho. Mtu akimaliza hiyo amefanya jambo kubwa kwa ajili yake na kwa ajili yetu sote, maana angeacha katikati angeweza kutuletea TB sugu mtaani. Na siku anamaliza anatoka kliniki peke yake, kadi yake mkononi, anapanda daladala anarudi nyumbani na hakuna anaejua, kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa siri. Tukio hilo linaniuma kila nikilifikiria. Hata yule ndugu mmoja aliyekuwa anamkumbusha kunywa dawa angeweza kumsubiri mlangoni na juisi ya ukwaju akamwambia hongera, umeweza, nilikuona.

Na kwa hofu ya kijicho wazee walituachia dawa, ila tumeiweka kando. Mtu wa pwani akipata jambo lake anaita watoto wa madrasa, wanasoma, wanapewa uji na maandazi, wanatawanyika, na mtaa unajua fulani ana shukrani bila kujua ni shukrani ya nini. Mkristo anapeleka bahasha ya shukrani kanisani, anasimama na familia yake mbele, mchungaji anaomba, maelezo sio lazima. Mashahidi wapo, siri ipo, tumbo la mtoto limeshiba. Sielewi kwa nini tumeliacha hili lichukuliwe na sherehe kubwa. Maana sherehe sasa hivi ni kitchen party, ni sendofu, ni harusi, ni kipaimara, kila moja ina kamati, mwenyekiti, mweka hazina na grupu la WhatsApp ambalo kazi yake ni kukumbusha ahadi yako ya mchango. Hata mahafali ya chekechea siku hizi yana joho, mpiga picha na keki. Nazipenda harusi, sitaki zife. Tatizo ni kwamba tumefikia mahali mtu akisikia neno sherehe anashika mfuko kwanza, na matokeo yake jambo lisiloweza kubeba gharama ya turubai linaonekana halistahili kufurahiwa kabisa.

Wapo watakaosema ukisherehekea kidogo utaridhika na kidogo. Hoja hii inasemwa sana kwenye mpira kwa hiyo nitaijibu kwa mpira. Taifa Stars, timu yetu ya taifa, ilienda AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza mwaka 1980 ikarudi na pointi 1, ikaenda 2019 ikafungwa mechi zote 3, ikaenda ile ya Ivory Coast Januari 2024, ikafungwa na Morocco 3 bila, ikatoka sare ya 1 kwa 1 na Zambia, Msuva alifunga mapema na Zambia wakasawazisha mwishoni kabisa, alafu ikatoka 0 kwa 0 na DR Congo. Pointi 2, mara ya kwanza kwetu. Tulitolewa, ndio, na mtandaoni ikawa matusi. Lakini wewe jiulize, kocha anaetaka kuvuka hatua inayofuata atatumia nini, matusi au zile dakika 90 ambazo DR Congo hawakupata goli? Sare ile ilikuwa na masomo ndani yake, nani alikaba vipi, nani alikimbia mpaka mwisho. Usipoisherehekea hutairudia kuitazama, na usipoitazama hutojua uanzie wapi. Kuridhika ni kusimama hapo ukasema imetosha, na mimi sijawahi kuona mtu aliyefika lenta akasema basi, nitakaa bila bati.

Jambo ambalo naliona zito kuliko yote haya ni uchawa, ile tabia ya kuwasifia wakubwa ili upate chochote kwao. Tukubaliane tu kwamba kusifia kumeharibiwa. Kisima kikichimbwa, kabla maji hayajatoka bango limeshasimama na picha ya kiongozi, watu wamevaa fulana, kuna mtu ameshika maiki anashukuru kwa niaba ya wananchi ambao hawajamtuma. Kwa hiyo mwananchi mwenye akili zake akiona kitu kimetengenezwa anaogopa hata kusema kimetengenezwa, atachekwa, ataambiwa na wewe unatafuta uteuzi? Nimeona watu waungwana kabisa wakinyamazia mambo mazuri kwa kuogopa jina hilo. Na wakinyamaza hivyo, sifa zote zinabaki mikononi mwa machawa, wanazipeleka juu tu, kwa wenye vyeo.

Njia ya kutoka hapo ni kuangalia shukrani inaelekea wapi. Maji ni haki, yamelipiwa na kodi na bili, hakuna mkubwa wa kupigiwa magoti kwa ajili yake. Lakini yupo fundi aliyeingia mtaroni saa 6 usiku na mvua ile kuziba bomba lililopasuka, huyo ana jina, ana watoto, na kesho yake bomba lingine likipasuka anapigiwa simu ya matusi. Mwalimu wa shule ya kata aliyebaki na watoto wa darasa la saba jioni mpaka wakajua sehemu na desimali. Konda aliyekuta begi la mwanafunzi akalirudisha shuleni. Mfagiaji wa barabara anaeanza saa 10 alfajiri. Chawa hata siku moja hajawahi kumsifia mfagiaji, na hapo ndipo unapoweza kutofautisha. Anaewashukuru watu hawa kwa majina anafanya kazi ya ukaguzi pia, maana siku fundi yule akihamishwa na mtaa ukaanza kukauka, watu watajua nini kimepungua na watadai arudi.

Sasa hizi habari njema ndogo ndogo zitasemewa wapi? Mimi naona redio, na hasa redio za jamii zile za wilayani. Sisi ni watu tuliokulia kwenye matangazo ya vifo, redio inasoma jina la marehemu, ndugu wa Kigoma, wa Songea, wa Unguja wapate habari, na nchi nzima inatulia kusikiliza msiba wa mtu isiyemjua. Na tulikuwa na vipindi vya salamu, watu wananunua kadi wanaandika majina ya ndugu na marafiki mpaka pembeni kabisa mwa kadi, wanatuma, na wanakaa kusubiri jina lao litajwe. Maana yake sikio la kusikiliza jambo dogo la mtu baki tunalo, na ni la siku nyingi. Kinachotakiwa ni dakika 5 baada ya taarifa ya habari ya jioni, namba moja ya kutuma ujumbe, na mtangazaji mwenye sauti ya upole. Mama fulani wa mtaa fulani anamshukuru mkunga wa zamu ya Jumanne. Kikundi fulani kimemaliza mzunguko bila mtu kukimbia na mkopo. Mzee ameweza kutuma ujumbe wa simu mwenyewe kwa mara ya kwanza, amefundishwa na mjukuu. Familia fulani imefika lenta. Anaetaka jina lake lisitajwe lisitajwe, iwe kama ile shukrani ya bahasha. Na liwepo sharti moja ambalo mhariri asilegeze hata akipigiwa simu kutoka wapi, kwamba mwenye cheo haruhusiwi kutumia kipindi kujitangaza wala kutumiwa pongezi na watu wa ofisi yake, nafasi hiyo ni ya fundi, nesi, konda na mama vitumbua.